Kijiti cha Fundi Ochola

Atieno alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa chini ya pikapu ya jirani, na kwa umri wangu kulala chini ya gari ni jambo la kufikiria mara mbili, maana kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi. Akasema, "Dada Rael, njoo umwone Baba. Si mgonjwa. Anakula, anatembea. Lakini ni kama ameenda." Nikamuuliza ameenda vipi na bado anakula. Huyo mwalimu mkuu mzima, anayeogopwa na shule nzima, akaanza kulia kwa simu. Aliniambia masikio ya Mzee yamefunga kabisa. Macho nayo yameingia ukungu, hata akiandikiwa kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza hazioni. Tangu wamzike Mama Atieno, mwaka mzima sasa, hakuna mtu aliyezungumza na Mzee akaelewa. Wajukuu wanapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje kuangalia, yeye anajibu "sawa sawa" na kurudi kuangalia majani chai yake. Nilifuta mikono nikajiona mtu bure. Mazishi ya Mama Atieno sikwenda. Goti langu lilikuwa limepasuliwa na nilitembea kwa magongo, ni kweli, lakini baadaye magongo niliyaacha na bado sikwenda. Basi nikamwambia Atieno aweke chai motoni, ninakuja.

Kutoka kwangu Kaplong mpaka Litein si safari ya kumaliza mtu, lakini niliendesha polepole. Kila nilipobadilisha gia nilimsikia Mzee Ochola akiniuliza maswali yake matatu, yale aliyomuuliza kila dreva kabla hajashika spana: "Gia gani? Wakati gani? Mguu wako uko wapi?" Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoyasikia mara ya kwanza, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha, nimetumwa gereji ya kiwanda cha majani chai upande huo wa Litein. Mafundi walikuwa tisa, wote wanaume, na nyumba za kampuni za mafundi wasio na familia zilikuwa chumba kimoja watu wanne. Hakuna aliyejua msichana atalala wapi. Walikuwa bado wanabishana wakati mwanamume mmoja mrefu, mweusi tii, mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, alipochukua sanduku langu akaenda nalo. Nilimfuata nikidhani ananiibia. Alikuwa Ochola, mkuu wa upande wa giaboksi. Alinifikisha mlangoni pake kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi, akamwambia mkewe, "Mama Atieno, huyu atalala kitanda cha Atieno." Atieno alikuwa shule ya bweni. Hivyo ndivyo nilivyopata kwetu kwa mwaka ule.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili. Changu kilikuwa cha mbele, nyuma ya pazia la maua ya zambarau, pamoja na kabati la vyombo, kalenda ya miaka mitatu iliyopita yenye picha ya ziwa, na redio kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Jioni Mzee alikaa kando ya redio hiyo na kuinamisha kichwa kama mtu anayefuatilia habari. Nilikaa wiki mbili kabla ya kugundua kwamba redio haikuwa na betri. Nilidhani ni mzaha wa kwao. Mama Atieno, Mluhya wa Khwisero, alipika kama mtu mwenye ugomvi na njaa: ugali wa moto, omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, waliokaangwa wakakauka halafu wakarudishwa kwa nyanya, mboga ya mrenda inayovutika mpaka inachekesha, na chai iliyochemka na maziwa mpaka inageuka rangi ya matofali. Kwa kuwa yeye na mumewe hawakuzaliwa na lugha moja, nyumba ile ilizungumza Kiswahili, na mimi Mkipsigis nikaingia humo bila shida. Waliniita Rael kazini, na nyumbani Mzee aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo. Mara ya kwanza aliponiita hivyo nililia nyuma ya pazia, na sijui mpaka leo nililia nini.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Hakufundisha kwa maneno mengi. Lori likiletwa likinung'unika, dreva aliulizwa yale maswali matatu, kisha Mzee alinipanga mimi kwenye usukani. "Weka huru. Achia klachi. Sasa kanyaga." Ikiwa sauti ilikuwapo mguu ukiwa juu na ikapotea mguu ukishuka, shida iko ndani ya giaboksi, beringi ya mbele. Ikiwa ni kinyume, sauti inakuja ukikanyaga, basi ni beringi ya klachi, na mtu akikufungulia giaboksi kwa ajili hiyo mfukuze. Ikiwa gia zote zinakataa na kulia krrr, lawama ni ya klachi isiyoachia; ikiwa ni moja tu inayolia, ringi yake ya shaba imeliwa. Alinifanya nichovye kidole kwenye oili ya zamani na kuisugua kwenye mwanga, nitafute vipande vya dhahabu vinavyometameta, kwa sababu hiyo ndiyo shaba inayokuaga. Na mwisho wa yote alitoa kijiti. Kilikuwa mkono mmoja urefu wake, kipande cha mti wa chai uliong'olewa, kigumu kama mfupa na cheusi kwa mafuta. Ncha moja aliiweka kwenye giaboksi, nyingine aliiuma kwa meno ya nyuma, akafumba macho. Mafundi wengine walitumia bisibisi na kuiweka sikioni, kama mafundi wote duniani. Walimcheka. "Mzee anaonja lori!" Yeye aliendelea kuuma. Kisha alitoa kijiti na kutaja ugonjwa, na tukifungua, tunaukuta umekaa palepale alipousema.

Siku nilipojua, ilikuwa jioni ya mvua ya mawe, ile mvua ya Kericho inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Mvua ilikatika ghafla. Nilikuwa kitandani nikishona kifungo, na kutoka chumba cha pili nikasikia sauti ya ajabu, maneno yaliyobanwa, kama mtu anayeongea na pini mdomoni. Nilichungulia. Sikupaswa, lakini nilichungulia. Mzee na Mama Atieno walikuwa wameketi uso kwa uso juu ya kitanda, na kile kijiti kilikuwa katikati yao, yeye akiuma huku, mkewe akiuma kule. Mama Atieno aliongea bila kufungua meno, na Mzee alisikiliza. Alisikiliza kweli, macho yamefumbwa. "Huyo meneja mpya amekwisha kuambiwa," mama akasema kupitia meno. "Wanasema humsikii mtu akiwa nyuma yako. Wakikupima ukashindwa, tunatoka kwa hii nyumba, na wewe bila gereji nitakuweka wapi?" Mzee akatoa kijiti akajibu kwa sauti yake ya kawaida, "Basi nisishindwe." Nilirudi kitandani. Yote yalijipanga kwa mpigo mmoja: redio isiyo na betri, jinsi alivyocheka sekunde moja baada ya wengine kucheka, jinsi alivyonitazama mdomo na si macho. Mzee wangu alikuwa kiziwi. Baadaye Mama Atieno alinieleza, nilipokiri kuchungulia na kumaliza kulia, kwamba ni usaha wa utotoni uliokula masikio. Daktari alisema mlango ndio ulioharibika, huko ndani hakujaharibika. Sauti ikipita kwenye mfupa, inafika. Akanishika kidevu. "Watoto wangu hawajui. Hicho kijiti ni chetu sisi wawili. Sasa tuko watatu, na ukisema, nitakuchemsha na mrenda." Alicheka, lakini kidevu hakuachilia.

Kuanzia hapo nikajipa kazi ambayo hakuna aliyenipa. Nikawa masikio ya Mzee. Dreva akimwita kutoka nyuma, nilimgusa kiwiko. Gari likiwashwa, nilisimama mahali ambapo angeniona: nikigonga kifundo cha kidole, ni beringi, nikivuta kidole, ni ule uma unaosukuma gia, nikisugua viganja, ni ringi. Hatukukubaliana kwa neno hata moja. Alikuwa akinitazama, anaitikia kwa kichwa kidogo, na bado anauma kijiti chake kwanza. Nilijiona mtu muhimu sana. Nilitembea gereji ile kama mwenye ufunguo. Loo, nikikumbuka jinsi nilivyokuwa na kiburi cha huruma, natamani kujizaba kofi.

Siku ya kupimwa ilikuja na lori la Koros. Koros alikuwa dreva wa kubeba majani mabichi kutoka vituo vya wakulima, Mkipsigis mwenzangu, mtu mnene mwenye aibu, na kwa mwezi mzima lori lake lilikuwa likitema gia ya tatu kwenye mteremko. Mafundi walikuwa wamefungua giaboksi ile mara mbili Mzee akiwa likizo, wakakuta kila kitu kiko sawa, wakafunga. Meneja wa magari, kijana mkali mwenye tai, akasema, "Mzee Ochola, leo utaniambia shida kabla hatujafungua mara ya tatu." Kila mtu alielewa kinachopimwa si lori. Hatukungoja lori liletwe gereji; tulilifuata kwenye kituo cha wakulima likiwa limeshapakia, nao wakapanda kwenye kabini watatu, Koros kwenye usukani, meneja mlangoni, Mzee katikati ameinamia sakafu, ncha ya kijiti kwenye mfuniko wa giaboksi. Mimi nilipanda nyuma na magunia ya majani, nikabandika sikio kwenye bati la kabini. Tulipoanza kushuka kuelekea kiwandani, kwenye ile barabara ya mawimbi inayomtingisha mtu mpaka ini, nikaisikia: ko, ko, ko, ko. Kisha pwaa, gia ya tatu ikatoka na injini ikapiga kelele. Ko, ko, ko tena. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nilijua! Beringi imelegea, shafti inagonga. Nilikuwa na jibu lake mkononi.

Walisimama chini ya kilima. Niliruka nikaenda kusimama nyuma ya meneja. Meneja akamkabili Mzee, akasema polepole, si kwa ubaya, "Umesikia ile sauti ya kugonga?" Mzee akamtazama mdomo. Nikagonga kifundo cha kidole. Nikakigonga tena kwa nguvu mpaka kikauma. Beringi, Mzee, beringi. Aliniona. Nina hakika aliniona, kwa sababu macho yake yalikaa kwangu muda mrefu, kisha yakaondoka. "Sikusikia sauti yoyote," akasema. Meneja akashusha pumzi na kuangalia viatu vyake. "Mzee wangu," akasema, "hata mimi nimeisikia. Hata Koros." Akilini nilimwona Mama Atieno akifunga vyombo, kalenda ya ziwa ikishushwa ukutani. Mzee alikuwa bado hajamaliza. "Giaboksi ni nzima," akasema. "Gia inayojitoa yenyewe huanza kutetemeka kabla haijatoka, kama mtu anayetafuta sababu ya kuondoka. Hii haikutetemeka. Ilikuwa imeshika vizuri, ikavutwa. Koros, toa sweta yako kwa gia."

Koros hakusogea. Sweta lake lilikuwa limening'inia kwenye fimbo ya gia tangu asubuhi, na hakuna aliyelitazama mara mbili, kwa sababu kabini ya dreva ni chumba chake cha kulala, kila mtu anajua. Meneja mwenyewe akalinyanyua. Chini yake, kwenye kamba yake ya ngozi, kilining'inia kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda yenye unga wa mkaa, kikubwa, kimejaa mpaka shingoni, kimepambwa shanga. Kwenye barabara ya mawimbi kilikuwa kikibembea na kugonga fimbo ya handibreki, ko, ko, ko, na kikibembea nyuma kwa uzito wake wote kinanyofoa gia ya tatu. "Bwana meneja," Koros akasema akitazama chini, "nikikiweka sakafuni kinapasuka. Nikikiweka kwa kiti kinamwagika. Mama watoto ndiye alinitengenezea, sasa nitakiweka wapi?" Alikuwa akikificha chini ya sweta kwa sababu walikatazwa kubeba chakula kwenye kabini, na kila alipoleta lori gereji alikiacha nyumbani kwa adabu. Ndiyo maana lori halikuwahi kuumwa likiwa gereji. Tulishuka na kupanda kilima kile mara mbili kibuyu kikiwa mapajani mwa meneja mwenye tai. Tatu ilishika kama imechomelewa. Sauti ya kugonga haikuwapo.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Sisi wote wenye masikio tulidanganywa na kibuyu cha maziwa. Ni yeye peke yake, asiyesikia, ambaye hakudanganywa. Na kama angenifuata mimi, kama angeamini kidole changu kuliko meno yake, angesema beringi, wangefungua, wasione kitu, na ningekuwa nimemfukuzisha kazi kwa mapenzi yangu. Pale pale kando ya barabara Koros akatikisa kibuyu, akafungua, akatugawia kwa kifuniko, maana kwetu mursik ukishaonekana hauwezi kunywewa na mtu mmoja. Meneja alikunywa akakunja uso kwa ule mkaa, akanywa tena. Ndipo Mzee akasema, "Bwana meneja, swali lako halikuwa la giaboksi. Niulize." Meneja akafuta mdomo. "Unasikia?" "Kwa masikio, hapana. Kwa hiki, ndiyo." Akamwonyesha kijiti. Kijana yule alikishika, akatazama alama za meno zilizochimbika kwenye ncha, akakirudisha kwa mikono miwili kama anavyorudishiwa mtu mzima kitu chake. "Pikapu yangu inalia gia ya pili," akasema. "Kesho uje nacho." Mzee alistaafu kwa umri, miaka mingi baadaye, akajenga kwenye ploti yake Litein.

Jioni ile, wakati Mama Atieno anageuza ugali, nilimwomba Mzee msamaha. Nilipiga magoti sakafuni kama mtoto. Aliniinua. "Una masikio mazuri, nyara," akasema. "Ndiyo maana yanakudanganya. Mkono wako nimeuona kila siku, na kila siku nimefurahi. Lakini usinisaidie tena kabla sijakuomba." Nililia mpaka omena wakapoa, na Mama Atieno akanigombeza kwa ajili ya omena.

Basi nilipofika Litein Jumamosi ile, nilimkuta Mzee barazani, blanketi magotini, uso umeelekea kwenye majani chai yake mita chache mbele. Amekuwa mdogo. Nilimshika mkono akauminya, akasema "sawa sawa", na nikajua kwamba hajui ni nani aliyemshika. Atieno alisimama mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi. "Unaona?" akasema. Nilimuuliza kijiti kiko wapi. "Kijiti gani?" Nikamweleza: cheusi, mkono mmoja, alama za meno. Alifikiria. Akanipeleka jikoni, na pale kilikuwa kimeshikilia dirisha lisifunge. "Hiki? Mama alikuwa hataki kitupwe. Tulidhani ni cha kufukuza kuku." Watoto wake hawakuambiwa kamwe, na Mzee mwenyewe hakusema, na kwa hakika ninaelewa. Ncha ya pili ilikuwa ya mkewe. Angemwambia nani aiume?

Nilikiosha kwa sabuni, nikarudi barazani, nikamwekea ncha mdomoni. Akaijua papo hapo. Mkono wake ulipanda ukakishika, ukapapasa, na akafungua kinywa. Hakuna jino hata moja. Alijaribu kukibana kwa fizi, kikateleza, akajaribu tena, kikateleza, na akakiweka mapajani akakifunika kwa viganja. Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka hivyo. Atieno akaanza kulia nyuma yangu. Mimi nikakasirika, kama ninavyokasirika boliti ikikataa. Mfupa ni mfupa, nikajiambia, si lazima uwe jino. Nikachukua kijiti, nikapiga magoti ingawa goti lilinilaani, nikaweka ncha moja kwenye kidevu chake. Akatikisa kichwa. Nikajaribu paji la uso. Hapana. Nikapapasa nyuma ya sikio lake la kulia, pale penye kifupa kigumu kama kokwa, nikabonyeza ncha hapo, nikauma ncha ya Mama Atieno kwa meno yangu ya nyuma, nikasema kwa nguvu zote, "Mzee! Ni Rael! Rael wa kitanda cha Atieno!"

Alishtuka mpaka blanketi likaanguka. Akabaki hivyo, mdomo wazi. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya gereji, "Rael. Mbona unapiga kelele? Mimi ninasikia."

Nilicheka na kijiti mdomoni na machozi yakashuka juu yake. Sikumpa Mzee neno lingine, ingawa nilikuwa nayo mengi, pamoja na lile la mazishi. Yatangoja. Nilimvuta Atieno chini kando yangu, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, nikampa ncha. Hakuipangusa. Aliiuma ikiwa na mate yangu, na alama za meno ya mama yake chini ya meno yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, neno moja tu, "Baba."

"Eeh, nyara," Mzee akajibu. "Ulikuwa wapi siku zote?"